Moshi wa Nyumba Tano

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika mnamo saa nne, na mawingu yamebaki chini upande wa mto, mazito, hayasogei. Mtaani kwetu ni tope. Bajaji zinageuzia kwenye kona ya mashine ya kukoboa mpunga, hazithubutu kuingia.

Odilia alinipigia simu nikiwa nachota maji. "Skola, Mama ametutoka," akasema. Nikamuuliza kama ni huko huko shamba, Minepa. "Huku huku. Alilala vizuri, hakuamka. Tunamleta leo, tumzike kesho." Nikamwambia pole, naye akaniambia pole, kama watu wanavyoambiana, simu ikakatika. Nimeshafagia uwanja wa nyumba yao, nimetandika mikeka, nimeazima masufuria makubwa ya jumuiya na kupanga kuni uani, maana mimi ni jirani, na kwenye msiba jirani ndiye anayepika. Maharage nimeyabandika, yanachemka taratibu. Sasa nasubiri gari, na mikono yangu haina kazi nyingine.

Kwa hiyo nimefungua daftari. Kila jioni huwa naandika mistari michache, hali ya hewa na tulichokula, basi, na hiyo "tulichokula" mara nyingi ni mimi peke yangu. Shule niliishia darasa la saba. Jambo refu sijawahi kuliandika, na sijui kama nitalipanga inavyotakiwa au nitawaonea watu ambao hawapo kujisemea. Nitasema nilichokiona, na pale nisipojua nitasema sijui. Ya nyumbani kwetu Lupiro, na kwa nini niliondoka, nayaacha. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule niliofika Ifakara, kwa sababu tangu asubuhi kuna swali linanirudia ambalo Mama Odilia peke yake angeweza kulijibu. Nilikuwa mtu wa nyumba yake, au nilikuwa mlinzi wake? Nilikaa karibu naye miaka yote hii, tukapeana chumvi na moto juu ya ua, na sikuwahi kumuuliza.

Nilifika mwezi wa tisa, msichana mkubwa tayari, na kifurushi cha nguo. Mama Odilia alikuwa mjane wa makamo, mpana wa mabega, akiuza mchele sokoni. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi za ghala akaniuliza kama najua kupepeta. Nikapepeta. Akatazama chini ya ungo, akaona sijamwaga punje, akasema, "Haya, mwanangu, twende." Neno hilo "mwanangu" nililibeba njia nzima kama yai. Baadaye nilikuja kuona kwamba Ifakara hata muuza karanga huitwa mwanangu, hata aliyekugonga na baiskeli huitwa mwanangu kabla ya kutukanwa, nikalishusha chini kidogo. Lakini sikulitupa.

Nilipewa chumba cha uani, kilichoshikana na jiko. Ndani kulikuwa na magunia matupu, majembe, wavu wa samaki uliochanika ambao hakuna aliyekumbuka ulikuwa wa nani, na kitanda cha kamba kilichokuwa kinalegea katikati hadi mgongo wangu ukakaribia kugusa sakafu. Ukuta haukufika paani, kwa hiyo moshi na maneno viliingia pamoja. Jioni moja nilimsikia Odilia, ambaye tulikuwa rika moja, anamuuliza mama yake, "Huyu atakaa mpaka lini?" Mama akajibu, "Kwani anakula kwenye sahani yako?" Nililala nikilipima jibu hilo. Upande mmoja lilikuwa la kunitetea. Upande wa pili halikusema nitakaa mpaka lini. Nikiwa mkweli, Odilia hakuwa na ubaya. Alikuwa mtoto wa pekee aliyeamka asubuhi akakuta mtu mwingine anatumia kioo chake.

Mgeni akifika Ifakara mwezi wa tisa au wa kumi anaona mji uliojaa. Leo ataona pikipiki na bajaji na vijana wenye vitambulisho shingoni wanaofanya utafiti wa mbu. Wakati ule zilikuwa baiskeli, baiskeli kila mahali, zimebeba mchele, wagonjwa, mabati, maharusi. Mashine za kukoboa zilinguruma, vilima vya pumba vikafuka moshi nyuma yake siku nzima, na harufu ile ya pumba inayoungua iliingia kwenye nguo na kwenye nywele mpaka ukasahau kuwa ni harufu. Lakini mgeni yule yule akirudi mwezi wa pili atauliza watu wamekwenda wapi. Wamevuka. Mashamba ya mpunga yako ng'ambo ya mto, na wakati ule hapakuwa na daraja, palikuwa na pantoni pale Kivukoni, ikiharibika imeharibika. Huwezi kulima ng'ambo na kulala mjini. Mvua za kwanza zikianguka watu walifunga nyumba, wakabeba majembe, sufuria, kuku na watoto wadogo, wakaenda kuishi kwenye vibanda vya nyasi mpaka mavuno. Watoto wa shule waliachwa kwa ndugu waliokaa karibu na shule. Mji ulikuwa kama gunia lililomwagwa.

Mtaa wetu ulikuwa mfupi, nyumba tano tu: ya Mama Odilia, ya fundi baiskeli, ya mama mmoja tuliyemwita Mama Togwa kwa sababu aliuza togwa, ya mzee wa kwaya, na ya mwisho ya Kosmas, aliyeishi na baba yake, Babu Gervas. Mtaa huo ulikuwa na desturi yake. Sijui kama mitaa mingine walikuwa nayo, nisije nikausemea mji mzima. Msimu wa kuvuka, mtu aliyebaki aliwasha moto kila jioni katika kila jiko la mtaa, hata kama hakuna cha kupika. Kila mmoja alikuwa na sababu zake. Mama Togwa alisema ni kwa ajili ya mchwa na nyoka. Mzee wa kwaya alisema ni wezi, wakiona moshi wanajua pana watu. Mama Odilia alisema nyumba isiyopikwa inapoa, na ikipoa hairudi. Na desturi hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Siku ya msiba hakuna jiko la mtaa wetu lililowashwa, hata moja. Mfiwa hapiki, na msiba wa nyumba moja ulikuwa wa nyumba zote. Mitaa ya jirani ilituletea chakula, nasi tuliwafanyia hivyo hivyo zamu yao ilipofika. Kwa hiyo mtu aliyezoea kupita kwetu, akikuta majiko yote yamekufa, hakuwa na haja ya kuuliza.

Disemba Mama Odilia aliniita jikoni. Alikuwa anafunga chumvi kwenye kitambaa. "Mwaka huu wewe utabaki," akasema. "Utanitunzia nyumba, utawashia wenzetu, utampikia Babu Gervas, maana miguu yake haivuki tena. Mwakani tunavuka wote. Nitakukatia kipande chako mwenyewe, kando ya cha Odilia, upande mpunga wako." Mpunga wako. Nilimwuliza mbegu gani, nikajiona mjinga kuuliza. Hakucheka. "Supa," akasema. "Unafikiri nitakupa mbegu ya kuku?" Kesho yake wakavuka. Odilia, akiwa amebeba godoro kichwani, aligeuka kwenye kona akaniita, "Mlinzi wetu! Ukiota nyoka usituamshe!" Nikacheka, kwa sababu lilikuwa la kuchekesha. Halafu kona ikawa tupu.

Nani amewahi kukaa kwenye mtaa wa nyumba tano ambazo wenyewe wamevuka? Nilidhani upweke ni ukimya, kumbe ni sauti. Bati la fundi baiskeli lilikuwa linagonga kila upepo ukija. Kwa Mama Togwa mtungi mmoja ulivuja, tone, tone, mpaka nikaenda kuuhamisha. Panya walitembea darini kwa mzee wa kwaya kama watu wanaotafuta viti. Asubuhi nilikwenda mashine kuchukua pumba, bure, gunia zima, nikazigawa kwa mafiga ya nyumba zote. Jioni nilianza mwisho wa mtaa nikirudi, jiko hadi jiko, na kijinga cha moto mkononi. Pumba haziwaki, zinafuka. Ukisimama katikati ya mtaa uliona moshi wa nyumba tano unapanda umenyooka, na ungeapa kwamba nyuma ya kila moshi kuna mwanamke anageuza ugali. Chungu kilikuwa kimoja tu, changu.

Babu Gervas alikaa kibarazani kwake juu ya kiti cha kukunja, blanketi magotini hata kwenye joto. Sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa mlalamishi, aliniita "wewe", na alificha sukari ili aniambie imekwisha. Jioni ya kwanza nilimpelekea chakula nikamwamkia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Kwa Mama Odilia wamepika nini leo?"

"Wamevuka, Babu. Wote wamevuka."

"Mimi iliyokufa ni miguu, siyo kichwa. Najua wamevuka. Moshi nauona. Nimekuuliza wamepika nini."

Nikasema la kwanza lililokuja: "Kambale wa nazi."

"Nani kakuna nazi?"

"Odilia."

"Mwongo mkubwa. Odilia hakuni nazi hata Krismasi." Akavuta sahani karibu. "Na kwa mzee wa kwaya?"

"Maharage."

"Tena?"

"Tena, Babu."

"Ndiyo maana anaimba vile."

Kuanzia hapo ikawa kila jioni. Mimi ambaye sipendi uongo, nilitembea mtaa mzima na kijinga changu nikitunga vyakula vya watu wasiokuwepo. Nilijitahidi niwe wa haki. Sikumpa fundi baiskeli kuku, kwa sababu nilijua hali yake, na Mama Togwa nilimpikia kisamvu kila Ijumaa kwani ndivyo alivyokuwa. Babu alinirekebisha. Alikuwa amekaa mtaa huo tangu haujawa mtaa, alijua nani anapenda ukoko na nani anamnyima mumewe mkia wa samaki. Nadhani ndivyo nilivyojifunza kuishi na watu wale, kwa kuwapikia wakiwa hawapo. Halafu jioni moja alimaliza nyumba zote nne na ya Kosmas, akaniuliza, "Na kwako? Kwako wamepika nini?"

"Mimi sina kwangu, Babu. Mimi nalinda tu."

Alitafuna kwanza. Mlenda na wali, nakumbuka. "Chumvi haitoshi," akasema, na hakuniuliza tena siku ile.

Habari za ng'ambo zililetwa na Saidi, kijana aliyesomba samaki kwa baiskeli kutoka Minepa kuja sokoni, tenga kubwa nyuma, nzi wakimfuata kama wajukuu. Alipita kwetu kila aliporudi. "Dada Skola! Salamu nyingi. Mama anasema palizi imewavunja migongo. Odilia kanenepa."

"Kanenepa kwa palizi?"

"Kanenepa kwa kambale wangu. Na wewe unakonda kwa moshi. Olewa na mimi uje unukie samaki."

"Bora moshi," nikamwambia, akaondoka akipiga kengele mpaka konani. Nilikuwa nasubiri kengele ile kuliko nilivyotaka ajue.

Mwezi wa nne mto ulijaa. Mvua ilikuwa haikatiki, na siku moja Saidi aliniambia pantoni imesimamishwa, watu wanavuka kwa mitumbwi kwa kumwomba Mungu. Nikamwambia kwamba Babu hajisikii vizuri, kifua kinambana, hata chumvi halalamikii. Saidi akatikisa kichwa akaenda. Asubuhi iliyofuata Babu hakuweza kukaa. Nilimwita mwanamume mmoja wa mtaa wa pili, tukamweka Babu juu ya kikalio cha baiskeli, yule mtu akasukuma, mimi nikamshikilia kwa nyuma, mpaka hospitali. Muuguzi akasema ni kifua, na kwamba mgonjwa wa namna ile asiachwe bila mtu wa kumhudumia. Jioni ilipokaribia niliwaza kukimbia kuwasha. Nilikuwa naona kabisa majiko yale yamekaa na jivu baridi. Lakini Babu alikuwa amenishika kanga. Nikabaki, na siku iliyofuata, na nyingine.

Yaliyotokea nyuma yangu niliambiwa baadaye. Saidi alipita mvua ikinyesha, ana haraka ya kuwahi mtumbwi. Akaita, hakuna aliyeitika. Akatazama majiko, moja baada ya jingine, yote yamekufa. Kiti cha Babu kimelazwa chini kibarazani. Mtu mwingine angedhani nini? Alivuka akawaambia: mtaa hauna moto. Hakusema zaidi, na hakuna aliyehitaji zaidi. Watu wa nyumba zote tano, mpunga wao ukiwa umeanza kuiva na ndege wa kwelea wameanza kushuka, waliacha mashamba siku hiyo hiyo wakapanda mitumbwi kwenye mto uliofura, na mikeka, na mchele, na kuku wa msiba. Walipoikuta nyumba tupu walidhani mwili umeshapelekwa hospitali.

Mimi nilitoka hospitali mchana kuchukua blanketi la Babu. Nilipofika kwenye kona nikasikia vilio. Uwanja wa Kosmas umejaa mikeka. Kosmas mwenyewe amekaa ukutani, kichwa amekiinamisha. Mzee wa kwaya anaanzisha wimbo wa wafu. Waliponiona wanawake wakapandisha sauti, na Mama Odilia akaja akanikumbatia, matope mpaka magotini, akanikaza kifuani nisiweze kupumua. "Pole, mwanangu. Pole sana. Ulibaki naye peke yako." Nami, Mungu anisamehe, kabla sijaelewa chochote nilifumba macho nikakaa pale kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kunishika hivyo tangu nimefika.

Halafu nikasema, "Babu yupo. Nimekuja kuchukua blanketi. Anasema uji wa hospitali hauna chumvi."

Wimbo ulikatika katikati. Mama Togwa alikaa chini pwaa. Fundi baiskeli akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na kicheko kikaenda mkeka hadi mkeka mpaka Kosmas naye, machozi yakiwa bado yanamtoka, akawa anapiga paja lake. Ni Odilia peke yake ambaye hakucheka. "Umetuua, Skola," akasema. "Kwelea wanakula, sisi tumekaa kwenye mkeka wa mtu anayekunywa uji." Na alikuwa na haki. Usiku huo mto ulipanda zaidi, mitumbwi ikakataa kuvusha, wakakwama mjini siku kadhaa wakitazama mawingu. Kwelea hawajui msiba wa kweli na wa uongo. Waliporudi, mpunga wa karibu na mto ulikuwa mashuke matupu yamesimama wima, kwani shuke lisilo na kitu haliinami.

Hakuna aliyenilaumu. Nasema hivi kwa uhakika, kwa sababu nilisikiliza sana. Walirudi baada ya mavuno na magunia machache, wakaninunulia kanga kwa kumpeleka Babu hospitali, Kosmas akanipa jogoo. Babu mwenyewe alirudi kitini kwake akidai aliletewa msiba wake akanyimwa kuula. Lakini ukuta wangu haukufika paani. Jioni moja Odilia alisema, "Angewahi kuwasha hata jiko moja tu." Nikasubiri Mama aseme neno. Nilisikia mwiko unakwangua sufuria. Labda alitikisa kichwa kukataa. Labda alikubali. Kichwa hakisikiki juu ya ukuta.

Disemba ikaja tena. Nilikuwa nimejitayarisha. Jembe nililitia mpini mimi mwenyewe, nikaukwangua kwa kigae mpaka ukawa laini. Kifurushi changu nilikiweka mlangoni tangu alfajiri, kile kile nilichokuja nacho, na juu yake mbegu ya Supa niliyoichagua punje kwa punje kwenye ujira wangu wa kupepeta. Watu walikuwa wanapita na magodoro, wanaitana. Mama Odilia alitoka ndani. Alikitazama kifurushi, akalitazama jembe. Halafu akafungua pindo la kanga yake, akatoa funguo za nyumba, akazitia kwenye kiganja changu na kukifunga kwa mkono wake. "Babu amekuzoea," akasema. "Na nyumba pia imekuzoea." Akasimama, kama mtu anayetaka kuongeza kitu. Odilia akaita kwamba pantoni inaondoka. Akaenda.

Nimezigeuza dakika zile kila upande. Huenda ilikuwa adhabu, ya upole, ya mtu asiyependa kugombana: uliyetupotezea mpunga, kaa na majiko. Huenda ilikuwa imani. Funguo hizo hakumpa dada yake wa damu, hakumpa mtu yeyote wa kanisani, alinipa mimi, na watu hawamwachii mlinzi vitu alivyoniachia. Na huenda ilikuwa rahisi tu, mtu alihitajika kubaki nami nilikuwa najua kazi. Kila mara nikiegemea upande mmoja nahisi namwonea kwa upande wa pili. Najua nililofanya. Nilifungua kifurushi, nikakoboa mbegu ile, na jioni Babu aliponiuliza kwangu wamepika nini, nikamwambia wali wa Supa. "Huo ni ukweli au ni wa moshi?" Nikamwambia ni ukweli. Akala, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu chumvi. Aliondoka duniani kabla ya masika, msimu uliofuata, na safari hiyo majiko yalizimwa kweli, na walivuka wote kuja kumzika.

Sikupata kipande ng'ambo. Nilipika vitumbua, nikajenga vyumba viwili hapo hapo mtaani, palipokuwa ua wa Mama Togwa. Daraja lilikuja. Sasa mtu anakwenda Minepa kwa pikipiki akarudi kula chakula cha mchana, na nyumba za mtaa wetu zina wapangaji ambao majina yao siyajui vizuri, wanapika kwa gesi, haifuki. Siku ya msiba kila mmoja anapika kwake na majirani wachache wanampikia mfiwa. Odilia alihamia shamba kabisa, na mama yake alipozeeka akamchukua. Funguo nilibaki nazo mimi. Kila jioni niliwasha jiko la Mama Odilia kwa pumba kidogo, mpangaji mmoja akadhani nina kichaa akaniuliza kwa heshima kama naona vizuri. Hata jana niliwasha. Nimehesabu kwamba nilipokuwa nawasha jana alikuwa bado hai.

Gari nalisikia linakwama kwenye kona. Naacha.

Sasa ni jioni, nimerudi kwenye daftari na nitaandika kwa kifupi. Walifika, vijana wakasukuma gari, jeneza likaingia ndani. Nililia kidogo mlangoni kama jirani anavyolia, nikajifunga kanga kiunoni, nikaenda uani kwenye masufuria, kwa sababu watu walikuwa wengi na unga ulikuwa haujatiwa. Nilikuwa nakoroga maharage pale Odilia alipotoka. Amezeeka, miguu imevimba, anatembea akishika ukuta. Alinitazama mimi, akautazama mwiko.

"Unafanya nini hapo?"

"Nakoroga. Watu hawajala tangu asubuhi."

"Weka mwiko chini."

"Odilia, watu watakula nini?"

"Watapika wengine!" Alisema kwa sauti ya ukali, mpaka wanawake wa jumuiya wakageuka. "Tangu lini mfiwa akapika? Unataka Mama anisimange kaburini? Njoo ukae."

Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alinitoa mwiko mkononi. Odilia alinivuta kwa kiwiko mpaka ndani, kwenye mkeka wa karibu na jeneza, akasogea na kuniachia nafasi kati yake na ukuta, akajifunika kanga yake na ncha moja akanitupia mimi magotini. Sikujua niweke wapi mikono. Watu waliingia wakatupa pole, yeye, kisha mimi, yeye, kisha mimi, na baada ya muda nikaanza kuitikia. Saidi alikuja, mzee mwenye mvi sasa, akatupa mkono sote wawili, na tenga la kambale wa moshi amelipeleka uani. Jua lilipoanza kushuka miguu yangu ilitaka kunyanyuka yenyewe iende ikawashe. Odilia hakugeuka hata kunitazama. Alinishika tu kifundo cha mkono. "Leo hakuwashwi," akasema.

Sijui kama hilo ndilo jibu. Yeye siye niliyetaka kumuuliza. Naliandika tu lilivyokuwa.

Jioni hii tumekula ugali, maharage na kambale wa moshi. Chumvi haikutosha. Sikupika mimi.